Hezekiah na Visanduku Vitatu

Hezekiah Kihara wa Gakindu alikuwa na miche mia nne ya kahawa, hati ya shamba iliyokunjwa mara nane ndani ya mkebe wa majani chai, na hamu moja iliyomnyima usingizi: kuwa naibu wa chifu. Aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa amestaafu Januari, na tangu siku hiyo Hezekiah alianza kutembea polepole na kukohoa kabla ya kusema. Alikuwa amekwisha kununua kofia. Si ile rasmi, maana hiyo hutolewa na serikali, bali kofia ya kukizoeza kichwa.

Kichwa kilikuwa na kofia, lakini nyumba haikuwa na paa la maana. Nyasi zake ziliezekwa mara tu watu waliporudi mashambani kutoka vile vijiji vya Hali ya Hatari walimofungiwa na Mwingereza, na sasa, mwaka wa sitini na sita, zilikuwa zimeoza hadi kuota uyoga. Mkewe, Ngendo, alijua kila tundu. Mvua ikianza tu, aliinuka bila kuambiwa, akaweka sufuria hapa, beseni pale, na kibuyu kilichopasuka mdomo chini ya tone lililopenda kumwangukia Hezekiah sikioni.

Ila msaada ulikuwa njiani. Wanawake kumi na wanane wa mgongo ule wa mlima walikuwa na kikundi chao cha mabati, chini ya mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, jina lake Kagure. Walilimiana kahawa, wakachanga, na kila walipotosheka lori lilishusha mabati sokoni kutoka duka la Thakorbhai kule Karatina, nao wakayabeba vichwani hadi kwa mwenzao ambaye zamu yake imefika. Nyumba kumi na saba zilikuwa zimeshaezekwa. Ya kumi na nane ilikuwa ya Ngendo. Siku ilikuwa imepangwa, Jumamosi, wiki moja kabla ya mvua kubwa.

Basi Jumatatu ya wiki hiyohiyo, akaja msichana na karatasi.

Alivaa viatu vya raba na alibeba kibao chenye kibanio. "Naitwa Monicah Warigia, baba. Kwetu ni Othaya, lakini nasoma chuo kikuu Nairobi. Niko na maswali kidogo, kama uko na nafasi."

Hezekiah alisikia neno Nairobi. Mengine yote aliyajaza mwenyewe.

Msimcheke bure. Kwa watu wa rika lake, karatasi na kalamu vikifika mlangoni pamoja havikuwa mchezo. Miaka kumi na miwili nyuma, mtu aliyekaa nyuma ya meza alikuuliza swali moja, na jibu lako likaamua kama utalala kwako au nyuma ya seng'enge. Hezekiah alilala nyuma ya seng'enge miezi kumi na minne kwa sababu ya kusitasita. Alitoka na funzo moja: anayekuuliza ameshajua jibu analolitaka, kazi yako ni kulikisia upesi. Na sasa, kazi ya naibu wa chifu ikiwa wazi, msichana wa Nairobi anakuja na kibao! Nani asingeona kwamba huyu ametumwa kumpima?

Akampa kiti kizuri, akavaa kofia.

"Swali la kwanza," akasema Monicah. "Kuna watu hujiita wasoshalisti. Je, wewe unajiita msoshalisti? Jibu ni Ndiyo, Hapana, ama Sijui."

Hapo jasho likamtoka. Mwaka uliotangulia, chifu alisimama kwenye baraza akasema kwamba nchi itafuata usoshalisti wa Kiafrika, na Hezekiah alipiga makofi hadi viganja vikawasha. Lakini majuzi wakubwa walikuwa wamegombana huko juu, wengine wakaenda kuunda chama chao, na neno lilelile likawa tusi la kutupiana redioni. Lilikuwa neno kama mbwa wa jirani: jana lilikulamba mkono, leo hujui. Hezekiah akakisia.

"Hapana. Andika Hapana mara tatu."

"Kisanduku cha Hapana ni kimoja tu, baba."

"Basi kandamiza kalamu sana."

Monicah akaweka alama. "La pili. Ni vizuri majirani wafanye kazi pamoja, zamu kwa zamu?"

"Kila mtu ajifanyie yake."

"La tatu. Mtu akijengewa nyumba na majirani bila kulipa fundi, hiyo ni sawa?"

"Hiyo ni uvivu!"

"Na wewe, ungekubali kujengewa hivyo?"

Mlangoni Ngendo alikuwa akipeta maharagwe. Ungo ukatulia. Hezekiah aliuona kwa pembe ya jicho, na kwa pembe ya moyo akajua kwamba anakanyaga pabaya. Lakini ulimi wa mtaka cheo ukishateremka mlima hauna breki.

"Kamwe!" akasema. "Nitie sahihi wapi?"

"Hakuna sahihi. Jina pia halitakiwi."

"Litatakiwa." Akamnyang'anya kalamu, akaandika jina lake lote, namba ya kitambulisho na namba ya shamba, na chini yake kwa herufi kubwa: MWAMINIFU KWA SERIKALI. Monicah alitazama karatasi yake iliyoharibika, akaaga kwa heshima, akaenda zake kwa jirani, mzee Kingori.

Kama Hezekiah angenyamaza hapo, labda mambo yangekwisha. Lakini Jumanne, kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa, magunia yakingoja kupimwa, akapanda juu ya jiwe akawasimulia watu jinsi alivyowakana wasoshalisti mbele ya afisa wa Nairobi.

Kagure alikuwa nyuma ya foleni, ameketi juu ya gunia lake. "Ati hata kujengewa umekataa?"

"Nimekataa."

"Hata ya bure?"

"Hasa hiyo ya bure."

"Na ukaandika jina?"

"Na namba ya shamba!"

Kagure alicheka hadi gunia likahama. Kisha akaacha kucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Haya, Baba Gicheru," akasema. "Tumesikia." Gicheru ni mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi Thika, na kwa bahati yake nzuri hakuwepo wiki ile.

Nyumbani, Hezekiah alitarajia ugomvi, na alikuwa ametayarisha hotuba. Ngendo hakugombana.

"Nimebeba mabati ya watu kumi na saba," akasema tu.

"Mama Gicheru, hizi ni siasa. Nikipata kazi nitakujengea mwenyewe. Waambie waje siku nyingine, ama waache. Jumamosi D.O. wa tarafa anapita kuangalia maboma ya wale wanaotaka kazi. Akikuta genge la wanawake hapa atasema nini?"

"Mimi ni mtu mmoja, siwezi kuamulia wengine," akasema Ngendo. "Lakini sawa."

Ile "sawa" ilimwingia Hezekiah kama mwiba wa mgunga. Mume yeyote wa Gakindu angekwambia: mke akisema "sawa" bila kuinua macho, tafuta pa kujificha.

Asubuhi ya Jumatano hakukuwa na chai. Ngendo alikuwa amekunywa yake, akaosha kikombe kimoja, akaenda shamba.

"Mama Gicheru! Chai yangu iko wapi?"

"Iko kwenye majani, na majani yako ndani ya mkebe, chini ya hati yako," akajibu kutoka kwenye kahawa. "Si uliandika kila mtu ajifanyie yake? Mimi sitaki kukuharibia mambo yako na serikali."

Mchana alipika githeri ya mahindi na maharagwe, sehemu ya mtu mmoja, akaila yote akiwa ameketi vizuri mahali pa kuonekana. Jioni maji ya kuoga hayakuwepo. Alhamisi Hezekiah alivumilia. Ijumaa alinuka. Akachukua debe, akavuta kofia hadi kwenye nyusi, akateremka mtoni kwa njia ya vichakani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini kwanza uyateke, na mtoni palikuwa na wanawake saba wa kikundi wakifua.

"Karibu, bwana naibu wa chifu," akasema Kagure. "Tukusaidie kujitwika? Ama hiyo ni usoshalisti?"

Hezekiah akajitwika mwenyewe. Debe lilifika nyumbani nusu, na nusu nyingine ilifika naye, shingoni na mgongoni. Aliketi akiwa ameloa, akajiambia kwamba vyeo vyote huanza kwa mateso. Hakujiamini sana.

Jumamosi saa nne wimbo ukasikika kutoka upande wa soko. Wanawake kumi na wanane walipanda mlima wawili wawili, mabati yakiwaka jua juu ya vichwa vyao, na mbele kabisa walikuwa Kagure na Ngendo, mmoja nyuma na mmoja mbele ya bati moja. Ngendo alikuwa ameondoka alfajiri bila kuaga. Sasa alikuwa anarudi kwake kama mgeni.

Walipofika langoni wimbo ukakatika, wakasimama.

Hii ilikuwa sheria ya kikundi, na kila mtu aliijua. Kwenye nyumba ya tatu, mume mmoja alirudi kutoka mjini akakuta paa jipya, akasema hakuulizwa, akaling'oa lote. Tangu hapo bati haliingii lango mpaka mwenye boma atoke, ashike ncha ya bati la kwanza kutoka kwa mke wake, na kuliingiza kwa mikono yake. Asipotoka hadi kengele ya kanisa ya saa sita, mabati hugeuka, hayarudi tena. Hawabembelezi, hawagombani. Husimama tu.

"Yakigeuka yanaenda wapi?" Hezekiah akauliza kutoka ndani, kana kwamba ni habari ya watu wengine.

"Jikoni kwangu," akasema Kagure.

Saa tano ikapita. Jasho liliwatiririka wanawake mashavuni. Hezekiah alizunguka nyumba mara nne, akipanga kokoto ambazo hazikuhitaji kupangwa. Moyoni alikuwa anapiga hesabu ya kitoto: D.O. akija mapema, aone boma lina utulivu, aende zake. Halafu kabla ya kengele...

Landrova ikatokea kwenye kona saa sita kasoro dakika kumi. Haikuweza kupita. Njia nzima ilikuwa mabati.

D.O. akashuka, kijana kutoka pwani, suruali yake imenyooka kama Kiswahili chake. Alitazama kundi lile, akakaza uso. Siku zile mikutano bila ruhusa ilikuwa inawatia watu ndani.

"Mkutano huu una kibali?" akauliza. Wanawake wakakaza mikono kwenye mabati. "Nauliza tena. Wanawake hawa wameitwa na nani? Huyu aliyevaa kofia ndiye mwenye boma?"

Macho yote yakamgeukia Hezekiah. Ah, ilikuwa rahisi! Jibu alilolitaka mwulizaji lilikuwa limeandikwa wazi usoni pake, halikuhitaji kukisiwa. Kusema, "Siwajui, bwana, hata mimi wananishangaza," na kofia rasmi ingekuwa imekaribia sana.

Akafungua mdomo. Ndipo akamtazama Ngendo.

Ngendo hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa ametazama mbele, kwenye nyasi zake zilizoota uyoga, mikono imeshikilia bati, shingo imenyooka. Kwenye paji la uso alikuwa na ule mfereji ambao kamba ya kubebea kuni na maji huwachimbia wanawake wa kwetu tangu usichana. Miezi kumi na minne Hezekiah alipokuwa nyuma ya seng'enge, shingo ile ndiyo iliyobeba kila kitu. Kisha ikabeba mapaa kumi na saba ya watu. Hezekiah akaona aibu. Si ile ya mtoni, hiyo ilikuwa aibu ya ngozi tu na ilikauka na maji. Hii isingekaushwa na jua.

Akaenda langoni, akashika ncha ya bati kutoka mikononi mwa mkewe.

"Hii si mkutano, bwana D.O.," akasema, na sauti yake haikukohoa kwanza. "Hii ni nyumba yangu inakuja. Hawa niliwaita mimi. Kama kuna kosa, andika jina yangu, nishazoea kuiandika."

"Na wewe ni nani?"

Hapo ndipo alipaswa kutaja maombi yake ya kazi, barua yake na uaminifu wake. Akasahau kabisa. "Mimi ni bwana ya Ngendo," akasema.

Kengele ikalia. Bati lilikuwa limeshavuka lango kwa futi mbili.

Uso wa D.O. ukalainika kwa namna ya mtu aliyekumbuka kitu alichosomeshwa. "Lo! Kumbe hivi ndivyo serikali inavyosema. Watu kujijengea kwa pamoja. Huu ndio usoshalisti wa Kiafrika wenyewe!"

"Ati ni usoshalisti?" akauliza Kagure, macho yakimmetameta. "Na si redio ilisema ni mbaya?"

"Hapana, mama. Ulio mbaya ni ule mwingine."

"Mwingine ni gani?"

"Ule... ule mwingine." D.O. akarekebisha kola. "Tofauti ni kwamba huu ni wetu."

"Ai, basi kama ni yenu, karibu ushike ngazi," akasema Kagure. "Mwanaume akikutwa langoni bati ikiingia, anafanya kazi. Hiyo ni sheria, na haina kibali."

Wanawake wakapiga vigelegele vitano, kama wanavyopigiwa watoto wa kiume wakizaliwa. D.O. akatazama huku na huku, akamtazama dereva wake aliyekuwa akificha kicheko, akavua koti. Alishika ngazi hadi saa kumi, akala githeri kwenye sahani ya bati, akaondoka na tope kwenye suruali. Mvua ya kwanza ilipokuja Jumanne iliyofuata, Ngendo aliinuka kwa mazoea kuchukua sufuria, akasimama nayo katikati ya chumba. Hakukuwa na pa kuiweka. Alicheka peke yake, halafu akalia kidogo, halafu akaipikia chai. Vikombe viwili.

Kazi ya naibu wa chifu alipewa Kingori. Mzee huyo hakuwa ameomba kwa bidii, hakuwa na kofia, na nyumba yake ilikuwa imeezekwa na mkewe zamani katika zamu ya tisa. Ila ilijulikana kwamba msichana wa chuo alipomwuliza maswali yake kumi, Kingori alijibu yote kumi "Sijui." Monicah aliapa kwamba karatasi zake hazikuwa na uhusiano wowote na serikali. Gakindu ilimsikiliza kwa adabu na haikumwamini hata kidogo. Mpaka leo, mwulize mzee wa huko jambo la siasa, utasikia jibu la Kingori.

Monicah alirudi Agosti. Mwalimu wake alikuwa amekataa karatasi moja, ile yenye jina, namba ya shamba na tangazo la uaminifu, akamwambia akaijaze upya. Alipomwulizia Hezekiah akaelekezwa kwa Kagure, kwa maana kikundi kilikuwa kimeanza mzunguko wa pili, wa kuezeka majiko, na sheria ilikuwa imeongezwa kidogo: wake wanabeba, waume wanagongomea.

Alimkuta Hezekiah juu ya paa la jiko, amepanda mgongo wake, nyundo mkononi. Kofia yake ilikuwa imewekwa kando, imejaa misumari.

"Habari ya kazi, baba! Ni mimi tena. Tutaanza upya, na lile swali la kwanza. Je, unajiita msoshalisti?"

Hezekiah alitazama chini. Alimtambua, akatazama kibao, kibanio na kalamu. Macho yalimtoka kidogo, kwa mazoea. Akafungua mdomo wake nusu, na msumari mmoja ukaanguka, maana alikuwa ameuma mingine saba.

"Usimwongeleshe, mama, atameza misumari," akasema Ngendo, ambaye alikuwa chini akiinua bati la pili. "Wewe andika kile unaona."

Monicah akatazama juu, kisha akatazama karatasi yake. Ndiyo. Hapana. Sijui. Kalamu ilielea juu ya visanduku vitatu, ikaenda huku, ikarudi kule. Nyundo ikaanza tena kugonga.

"Na kama hujapata," akasema Kagure, akimsogezea ncha ya bati, "shika hapa kwanza."

Monicah akaweka kibao chini, akakiwekea jiwe kisipeperuke, akashika.